Samaki wa jana asipashwe, ageuzwe

Katika nyumba nyingi za Mbugangari, mtaa wetu wa Gisenyi, samaki aliyebaki usiku huwa na njia tatu asubuhi. Ya kwanza ni kurudishwa motoni mpaka nyama inakakamaa kama ubao, kisha akapakuliwa mbele ya watu wanaomnusa kabla ya kumtia mdomoni. Ya pili ni kuliwa na mama mwenye nyumba au binti wa kazi, kando ya mbabula, lile jiko la mkaa, kwa mkono mmoja huku mwingine ukikoroga uji. Ya tatu ni jalala.

Ninayoitetea leo ni ya nne: samaki huyo afanywe chakula kingine kabisa, kiwekwe mezani, kiliwe na nyumba nzima kuanzia baba hadi mtoto. Kiporo cha samaki kinadharauliwa kwa sababu tunakileta mezani kikiwa na sura ileile ya jana iliyochoka, halafu tunashangaa hakuna anayekitaka.

Mbugangari si mahali pa kukosa ujuzi wa jambo hili. Tuko hatua chache kutoka Petite Barrière, mpaka ambao watu hupita kwa miguu kwenda Goma na kurudi, vikapu kichwani. Katika masoko ya pande hizi utakuta sambaza wabichi ndani ya mabeseni, sambaza wakavu kwenye magunia, tilapia, dagaa na sangara wa Ziwa Victoria, makayabu wenye chumvi nyeupe mgongoni, na wale samaki wa barafu ambao jirani zetu Wakongomani huwaita thomson. Mama anayebishana bei hapa huenda jioni akapikia Birere, ng'ambo ya mpaka. Jikoni mwetu Kinyarwanda, Kiswahili na Kikongomani vimekaa sufuria moja muda mrefu.

Hali hiyo haiko kila mahali Rwanda. Bara, mbali na maziwa, wako watu wengi ambao babu zao hawakumtambua samaki kuwa chakula cha heshima. Fahari ilikuwa ng'ombe na maziwa yake. Sisi wa ukingo wa Ziwa Kivu hatukulelewa na dharau hiyo. Basi inakuwaje mtu anayemsifu tilapia saa mbili usiku amkane saa mbili asubuhi?

Kabla ya kumtupa samaki, ni vizuri kukumbuka alivyofika kwenye sahani. Sambaza, ambaye leo tunamhesabu kuwa mwenyeji, ni mgeni. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi za Wabelgiji, kwa sababu maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea humo. Alizaana akaenea, na kufikia miaka ya 1980 mradi wa FAO uliokuwa na makao hapahapa Gisenyi ulikuwa ukifundisha jinsi ya kumvua kwa wingi. Ndiyo ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, yenye miti mirefu iliyochomoza mbele na nyuma, inayoondoka jioni na taa zake na kurudi alfajiri.

Ziwa lenyewe linadanganya macho. Kina chake kinakaribia mita 485, lakini samaki huishi katika tabaka la juu tu, la makumi machache ya mita. Chini ya hapo hakuna hewa ya oksijeni, na maji yamejaa gesi ya methani na kabonidioksidi. Hiyo methani ndiyo inayochomwa kutoa umeme kule Karongi. Ukitazama Kivu kutoka ufukweni unaona bahari. Mvuvi anajua kwamba sehemu yenye uhai ni utando mwembamba juu ya shimo refu. Ndiyo maana uvuvi hufungwa kwa majira ili samaki wazaliane, na wakati huo sambaza huadimika, bei ikapanda, na mwenye kipato kidogo akarudi kwenye maharage matupu. Samaki wa namna hiyo hatupwi kwa sababu tu amelala usiku mmoja.

Sasa tuje jikoni. Kwa nini samaki aliyepashwa hapendezi? Sababu ni mbili, na zote zinaeleweka. Nyama ya samaki ni laini, huiva haraka, na kila ikirudishwa motoni hukamuka maji iliyobaki nayo. Nyama ya ng'ombe unaweza kuichemsha tena ikazidi kulainika. Samaki huzidi kukauka. Pili, mafuta ya samaki huharibika upesi yakikutana na hewa, na moto wa mara ya pili huiamsha harufu yake ikajaza nyumba. Kwa hiyo aliyepasha tilapia mzima kwenye kikaango kikavu kwa dakika ishirini amefanya kila linalowezekana kumharibu.

Dawa inatokana na maelezo hayohayo. Samaki wa jana asichomwe na moto moja kwa moja. Awekewe kitu kati yake na moto, iwe mchuzi, viazi, yai au unga. Aingie mwishoni, kitu kingine kikiwa kimeshaiva, akae muda wa kupata moto hadi ndani tu. Kisha apate ukali kidogo: ndimu, siki au nyanya. Ukali huo huikata harufu kweli, maana asidi huzifunga kemikali zinazonuka, na bibi zetu walikamua ndimu juu ya samaki kabla hatujasoma kemia.

Kazi, hata hivyo, huanza usiku uliotangulia. Methali inasema akiba haiozi, lakini aliyeitunga hakuwa akimfikiria samaki aliyepikwa. Samaki asikae nje zaidi ya saa mbili baada ya kutoka motoni. Wengi hapa hujitetea kwamba Gisenyi ni baridi. Ubaridi wa usiku wetu unatosha kumfanya mtu avae sweta, hautoshi kuzuia bakteria. Friji inayofaa ni ya nyuzi 4 au chini yake, na humo samaki aliyepikwa akae siku tatu, nne zikizidi sana. Wanaonunua thomson, jodari na vibua wawe waangalifu zaidi: samaki wa aina hiyo wakiachwa kwenye joto hutengeneza histamini, sumu inayomfanya mtu awashwe, awe mwekundu usoni na kuumwa kichwa, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa upya. Samaki mwenye mashaka atupwe bila huruma. Na akishapashwa mara moja, asirudi tena friji.

Muda mzuri wa kumchambua ni akiwa bado na uvuguvugu. Baada ya chakula, kabla vyombo havijaoshwa, keti na sahani mbili. Anza mgongoni, fuata mstari wa ubavu, nyama itaachia mfupa kwa vipande vikubwa. Ipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, maana mwiba mdogo unausikia kwa ncha ya kidole kabla jicho halijauona. Nyama sahani moja. Kichwa, mkia na mifupa sahani nyingine. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchini mwetu tangu 2008, basi tafuta bakuli lenye mfuniko wa kubana. Asubuhi samaki aliyepoa akiwa mzima na mifupa yake ni kero. Aliyechambuliwa ni nusu ya mapishi.

Chakula cha kwanza ninachokipigia debe ni katlesi. Watu wa Unguja na Mombasa wanazijua vizuri, na wilayani kwetu Rubavu tuna kitu ambacho wao wanakitafuta: viazi vya udongo wa volkano, vikavu, vyenye unga. Vichemshe na maganda yake ili visinywe maji, umenye vikiwa vya moto, uviponde papo hapo. Changanya na samaki, viazi vizidi samaki mara mbili. Tia chumvi, kitunguu saumu, majani ya seleri yaliyokatwa ndogondogo, pilipili na kamulio la ndimu. Usitie maji wala maziwa. Finyanga madonge bapa, yachovye kwenye yai lililopigwa, yakaange katika mafuta yaliyokwisha kupata moto. Mafuta yakiwa ya uvuguvugu, katlesi itayanywa na kupasuka. Yakiwa ya moto, itashika ngozi ya dhahabu ndani ya dakika mbili. Tilapia mmoja aliyebaki nusu, ambaye asingemtosha hata mtu mmoja, anatoa katlesi za kutosha nyumba ya watu watano.

Mwenye unga badala ya viazi afanye sambusa. Nyama ya samaki iliyochanganywa na kitunguu kibichi, dania na pilipili haihitaji kupikwa kwanza, kwa hiyo sambusa za samaki huwahi kuliko za nyama. Aliyebakiza chapati naye ana chakula tayari: samaki, nyanya, kabichi iliyokatwa nyembamba, tone moja la mafuta ya pilipili ya Akabanga, kunja. Nasema tone moja kwa sababu najua mnavyoitumia.

Kwa chakula cha mchana nawapendekezea agatogo. Kila nyumba ya Rwanda inajua kupika ndizi na nyanya, kitunguu na bilinganya katika sufuria moja, lakini wengi wanadhani lazima iwe na nyama au matumbo. Pika ndizi zako mpaka ziive na mchuzi uwe mzito, ndipo upange vipande vya samaki juu. Usikoroge. Funika dakika tano, ndimu, pakua. Kwa kanuni hiyohiyo samaki huingia kwenye sombe, yaani kisamvu. Majirani wa Kongo huweka sambaza au fretin ndani ya sombe yenye mawese, na hakuna anayeuliza samaki huyo alipikwa lini.

Sambaza waliokaangwa wana matatizo yao. Usiku walikuwa wakivunjika chini ya meno. Asubuhi wamelegea, kwa kuwa unyevu umewarudia. Usiwatie tena kwenye mafuta mengi. Watandaze kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, uwageuzegeuze mpaka wakakamae upya. Hapo una hiari mbili. Waweza kuwamwagia mchuzi wa nyanya na vitunguu, kisha mayai mawili yaliyopigwa, ukakoroga mara moja na kuepua. Wafilipino wana pishi la namna hiyo hasa, wanaliita sarciado, na mara nyingi hulipika kumalizia samaki wa kukaanga waliobaki. Au watwange kwenye kinu pamoja na karanga zilizokaangwa na chumvi kidogo, upate unga wa kunyunyiza juu ya maharage au mboga za dodo. Sambaza huliwa na mifupa yake, kwa hiyo unga huo una madini ya kalsiamu mengi kuliko nyama ya mshikaki.

Wali uliobaki usiachwe mpweke. Waingereza walichukua khichri ya Wahindi, dengu na mchele, wakaibadili kuwa wali wenye samaki na mayai ya kuchemsha, wakaiita kedgeree na kuila kama kifungua kinywa cha mabwana. Sisi hatuna haja ya kuiga jina. Kaanga kitunguu, tia binzari, karoti na pilipili hoho, tia wali wa jana uliolala friji, maliza na samaki. Huko Cape Town nako, familia nyingi hula samaki wa siki wakati wa Pasaka: samaki wa kukaanga hulazwa ndani ya siki, vitunguu na bizari, akaliwa baridi baada ya siku moja au mbili. Mwenye friji ajaribu na tilapia. Siku ya kula hahitaji hata mkaa.

Ile sahani ya pili, ya vichwa na mifupa, isisahaulike. Chemsha na kitunguu, tangawizi na puwaro kwa nusu saa, chuja vizuri, utapata supu ya kupikia wali, ndizi au viazi siku hiyohiyo. Ripoti ya shirika la UNEP ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba tani bilioni 1.05 za chakula zilipotea duniani mwaka 2022, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Hesabu hiyo inajumuisha hata mifupa na maganda. Tunazoea kuwalaumu wenye hoteli, kumbe jalala kubwa liko nyuma ya nyumba zetu.

Najua yatakayosemwa. La kwanza: haya ni mapishi ya wenye mafuta, mayai na mkaa wa kuchezea. Kwa katlesi na sambusa nakubali kwa sehemu, mafuta ni ghali. Lakini agatogo, sombe, maharage na wali havidai moto wa ziada. Moto ni uleule ambao ungewasha kupika mchana; samaki anapanda gari lililokwisha kuondoka. Anayepasha samaki peke yake ndiye anayechoma mkaa mara mbili.

La pili ni zito zaidi: nyumba nyingi za Mbugangari hazina kiporo cha samaki, kwa sababu samaki hatoshi hata mara ya kwanza, na nyingi hazina friji. Kwa wasio na friji ushauri wangu ni mfupi. Usimlaze samaki. Pika kiasi, na kinachozidi kipeleke kwa jirani usiku huohuo kikiwa na moto. Sahani itarudi siku nyingine na kitu juu yake. Makala haya yanawahusu zaidi wenye friji na hata hivyo wanatupa. Yanawahusu wenye mikahawa ya mélange, ile ya bufee, ambao saa tisa alasiri hubaki na trei za samaki zilizokauka, na wangeweza kuandaa kiasi kidogo kwa awamu badala ya kujaza trei asubuhi ili ionekane imefurika. Yanazihusu harusi zetu. Yanauhusu pia mwezi wa Ramadhani. Katika mtaa wenye Waislamu wengi kama huu, samaki wa futari ndiye kitoweo cha daku kinachofaa, kwa sharti awe ameingia friji kabla ya watu kwenda Tarawehe, na si baada ya kurudi. Katlesi zilizofinyangwa usiku zikalala friji hukaangwa dakika chache kabla ya adhana, na mpishi akapata usingizi wake.

Na la tatu, lile lisilosemwa wazi ila linatawala: mwanamume wa heshima hali kiporo. Hili ndilo lililonifanya niandike. Chakula cha jana hakipotei hewani. Baba akikataa, watoto wakimuiga, anakila mama, au binti wa kazi, kwa kuwa wao ndio wanaojua kilinunuliwa kwa bei gani. Tumegawa chakula cha nyumba moja kuwa cha leo na cha jana, na tukagawa watu kwa mstari uleule. Tunasema ni desturi. Mimi naona ni kutokuwa na haya, maana anayekataa kiporo mara nyingi ndiye aliyeagiza samaki mkubwa ili aonekane mbele ya wageni.

Wapo watakaojibu kwamba basi mama naye akatae. Akikataa, samaki atakwenda jalalani, na mtoto wa nyumba hiyo atakunywa uji mtupu asubuhi. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2019/20 ulikuta watoto 33 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Rwanda wamedumaa. Umaskini una sehemu yake kubwa katika hesabu hiyo, siwezi kuupunguza kwa katlesi. Lakini katika nyumba ambayo samaki ameshanunuliwa na kupikwa, hakuna sababu ya mtoto kukosa sehemu yake eti kwa kuwa jua limechwa na kuchomoza tena. Vijiko viwili vya nyama iliyochambuliwa miiba vizuri, vikapondwa ndani ya viazi na kupata moto hadi kutoa mvuke, ni mlo wa mtoto.

Kumgeuza samaki kunavunja mgawanyo huo. Agatogo ikishapakuliwa, hakuna cha jana ndani yake. Kuna chakula kimoja kwenye sinia moja. Baba anayeapa hali kiporo atakula katlesi tatu na kuuliza kama zimebaki. Si lazima kumdanganya. Mwambie zimetokana na tilapia wa jana, akishamaliza ya tatu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasomaji wa pande hizi ni dogo. Leo usiku samaki akibaki, yeyote aliye nyumbani, na wanaume hasa, aketi dakika kumi amchambue angali na uvuguvugu, amfunike na kumweka friji. Kesho apikwe na kitu kingine, apakuliwe kwa wote kwa wakati mmoja. Na anayetaka samaki mpya kila mlo, akamnunue mwenyewe sokoni majira ambayo ziwa limefungwa, ndipo azungumze habari za kiporo.